Kompyuta Inakataa Kuingia Kwenye Domeni ya Ofisi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kompyuta ikikataa kuingia kwenye domeni (mtandao wa ofisi ambao seva inasimamia kompyuta na akaunti zote), mafundi wengi hapa Lubumbashi hukimbilia kuifuta na kuweka Windows upya. Nusu siku inakwenda, faili za mwenyewe zinapotea, na mashini inarudi na kosa lilelile. Inarudi nalo kwa sababu tatizo halikuwa ndani ya Windows. Lilikuwa kwenye DNS (huduma inayotafuta anwani ya jina), au kwenye saa, au kwenye akaunti ya zamani iliyosahauliwa ndani ya seva.

Ninakuomba jambo moja: fuata mpangilio. Kila hatua hapa chini inasimama juu ya ile iliyotangulia. Ukirekebisha saa wakati kebo haijashika, hutajua kama umefanikiwa au la.

Katika mifano, domeni inaitwa ofisi.local, seva ni SEVA01 yenye anwani 192.168.10.5, ruta ni 192.168.10.1, na kompyuta yenye shida ni HESABU-03. Weka ya kwako mahali pake. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kifaransa, maana Windows nyingi zilizopo hapa ni za Kifaransa.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kebo ya mtandao unayojua ni nzima, uliyoijaribu kwenye kompyuta nyingine.
- Akaunti ya msimamizi ya kompyuta yenyewe, pamoja na neno lake la siri.
- Akaunti ya domeni yenye ruhusa ya kuingiza kompyuta.
- Anwani ya IP ya seva na jina kamili la domeni, vimeandikwa kwenye karatasi. Usitegemee kumbukumbu ya mtu.
- Kompyuta moja ya ofisi hiyohiyo ambayo tayari iko ndani ya domeni na inafanya kazi. Utalinganisha nayo kila kitu.
- Nafasi ya kuifikia seva, au mwenzako aliye mbele yake na simu mkononi.
- Umeme wa uhakika wa saa moja hivi. Kama seva au swichi haina betri ya akiba na SNEL, shirika la umeme, inakata mara kwa mara siku hiyo, subiri. Umeme ukikatika katikati ya kazi, akaunti ya kompyuta inaweza kubaki ndani ya seva huku kompyuta yenyewe ikiwa bado nje.

## Hatua ya 1: Hakikisha Windows yenyewe inaruhusu

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`, kisha Enter. Soma maneno ya chini. Ukiona Famille, simama hapo: toleo hilo haliingii kwenye domeni, hata ufanye nini. Linalohitajika ni Professionnel, Entreprise au Éducation.

Laptopu nyingi zinazonunuliwa madukani mjini huja na Famille. Dawa yake ni leseni ya Professionnel. Ukiingiza ufunguo wake kwenye Paramètres, toleo linapanda na faili zinabaki mahali pake. Hakuna haja ya kufuta chochote.

## Hatua ya 2: Jina la kompyuta

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `hostname`. Jina lisizidi herufi 15, lisiwe na nafasi wala alama za ajabu, na lisifanane na la kompyuta nyingine ya ofisi.

Libadilishe kwanza, washa kompyuta upya, ndipo uendelee. Windows inakuruhusu kubadilisha jina na kuingia kwenye domeni kwa mkupuo mmoja, lakini mambo yakiharibika hutajua ni lipi kati ya hayo mawili limekataa.

## Hatua ya 3: Kebo na anwani

Zima Wi-Fi kabisa. Zima pia intaneti ya simu uliyoishirikisha kwa kompyuta, kama ipo. Chomeka kebo. Windows ikiwa na njia mbili za mtandao, maswali yake huenda yakatokea kwenye ile isiyojua lolote kuhusu seva yako.

Sasa andika:

`ipconfig /all`

Tazama mstari wa Adresse IPv4. Unataka anwani iliyo katika familia moja na seva, yaani 192.168.10 na kitu. Ukiona inayoanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na yeyote: angalia kebo, tundu la swichi, au huduma ya DHCP, yaani ile inayogawa anwani kwa kompyuta.

Ukiona familia nyingine, mfano 192.168.0 au 192.168.1, karibu kila mara kuna ruta ndogo ambayo mtu aliichomeka ili apate Wi-Fi ofisini mwake, nayo imeanza kugawa anwani zake. Itafute, mara nyingi iko chini ya meza ya mtu. Zima DHCP yake, kisha kwenye kompyuta andika:

`ipconfig /release`
`ipconfig /renew`

Halafu jaribu seva:

`ping 192.168.10.5`

Ukifaulu utaona majibu manne yenye muda wa milisekunde. Ping ikikaa kimya, linganisha na ile kompyuta nzima. Nayo ikikosa jibu, huenda ukuta wa moto (firewall) wa seva unazuia ping tu. Endelea na hatua ya 4, na hatua ya 6 itakupa jibu la uhakika.

## Hatua ya 4: DNS, mahali wengi wanapokwama

Soma hatua hii polepole, maana makosa mengi kuliko yote yako hapa.

Kompyuta ikiambiwa iingie ofisi.local, haijui seva iko wapi. Inaiuliza DNS: ni nani anayeshughulikia domeni hii? Jibu hilo limehifadhiwa ndani ya DNS ya seva ya ofisi na si mahali pengine popote duniani. Kuiuliza 8.8.8.8 ilipo ofisi.local ni kama kumsimamisha mtu barabarani Kinshasa na kumuuliza nyumba ya jirani yako wa Katuba. Atakujibu kwa adabu kwamba hamjui, na Windows itakuletea ujumbe kwamba seva ya domeni haikupatikana, mara nyingi ukiwa na nambari 0x0000232B.

Rudi kwenye majibu ya `ipconfig /all`, tafuta Serveurs DNS. Panapaswa kuwa na 192.168.10.5 peke yake.

Ukikuta anwani ya ruta, au 8.8.8.8, au 1.1.1.1, umeshampata mkosaji. Rekebisha hivi:

Bonyeza Windows na R, andika `ncpa.cpl`. Bonyeza kulia juu ya kadi ya mtandao, chagua Propriétés, kisha Protocole Internet version 4. Chagua Utiliser l'adresse de serveur DNS suivante, weka 192.168.10.5. Kisafishe kisanduku cha pili, kiache kitupu.

Najua kisanduku hicho cha pili kinavutia. Wengi hutia 8.8.8.8 humo ili intaneti isikatike seva ikizimika. Usifanye hivyo. Seva ikichelewa kidogo tu kujibu, Windows inahamia kwenye DNS ya pili. Google inajibu kwamba jina halipo, na Windows inalichukua jibu hilo kuwa la kweli. Matokeo yake, kompyuta inakubali asubuhi na kukataa mchana, nawe unazunguka ofisi nzima bila kuona sababu. Intaneti ishughulikiwe ndani ya seva: fungua DNS ya seva, nenda Propriétés, kichupo cha Redirecteurs, na hapo ndipo 8.8.8.8 inapokaa.

Kama kompyuta ni nyingi, usizirekebishe moja moja. Badilisha DNS kwenye DHCP, iwe ya seva au ya ruta, ili kila mashini ipewe anwani sahihi inapowashwa.

Kisha jaribu:

`ipconfig /flushdns`
`nslookup -type=srv _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.local`

Ukifaulu utaona poti (mlango wa huduma) 389 na jina seva01.ofisi.local, na chini yake anwani 192.168.10.5. Ukiyaona hayo, DNS imemalizika.

Ukiona kwamba jina halipo, tazama mstari wa juu kabisa wa jibu, unaoonyesha nani amejibu. Ikiwa aliyejibu ana anwani ndefu inayoanza na fe80, ruta yako inagawa DNS yake kwa njia ya IPv6 (aina mpya ya anwani) na kuipiku seva. Ingia kwenye ruta uzime ugawaji huo wa DNS ya IPv6. Usiizime IPv6 nzima kwenye Windows.

Ikiwa aliyejibu ni seva yako mwenyewe na bado anasema hajui, rekodi zimepotea ndani ya seva. Hapo hapo kwenye seva, hakikisha kwanza kwamba kadi yake ya mtandao nayo inatumia DNS ya seva yenyewe, halafu:

`net stop netlogon`
`net start netlogon`

Huduma ya Netlogon ikianza, inaandika rekodi zake upya. Subiri dakika chache, urudie nslookup.

## Hatua ya 5: Saa, na ule mtego wa Kinshasa

Active Directory, mfumo wa seva unaotunza akaunti za domeni, hutumia Kerberos kuthibitisha nani ni nani, na Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya kompyuta na seva. Hilo mafundi wengi wanalijua. Wanachosahau ni kwamba saa inayolinganishwa ni ile ya UTC, saa ya kimataifa. Ile unayoiona pembeni ya skrini haihesabiki.

Nchi yetu ina kanda mbili za saa. Kinshasa iko UTC+1. Lubumbashi, pamoja na Goma na Bukavu, iko UTC+2. Kompyuta zilizoandaliwa makao makuu Kinshasa zinafika hapa zikiwa na ukanda wa Kinshasa, na zinaonyesha saa iliyo nyuma kwa saa moja. Mhasibu anaona, anakereka, anaisogeza saa mbele kwa mkono na kuzima ile ya kujirekebisha yenyewe. Mambo yanaonekana sawa.

Hebu zitazame skrini mbili zikiwa bega kwa bega. Seva inaonyesha 10:14. HESABU-03 inaonyesha 10:14. Lakini seva inahesabu 10:14 ya UTC+2, yaani 08:14 UTC, na HESABU-03 inahesabu 10:14 ya UTC+1, yaani 09:14 UTC. Ziko mbali kwa saa nzima, na macho hayawezi kuona hilo. Iulize kompyuta:

`w32tm /stripchart /computer:192.168.10.5 /samples:3 /dataonly`

Namba ya mwisho ya kila mstari ni tofauti kwa sekunde. Ukiona kitu karibu na 3600, iwe na alama ya kujumlisha au kutoa, ni mtego huu hasa. Thibitisha ukanda:

`tzutil /g`

Jibu likiwa W. Central Africa Standard Time, badilisha:

`tzutil /s "South Africa Standard Time"`

Jina hilo lisikushangaze. Ndilo ambalo Windows inalitumia kwa UTC+2 ya kwetu, na kwenye menyu linaonekana kama Harare, Pretoria.

Angalizo: ukishabadilisha ukanda, saa ya skrini itaruka mbele hadi 11:14. Hujaharibu kitu. Irudishe 10:14, ndipo UTC itakaa sawa. Rudia stripchart.

Ukifaulu tofauti itakuwa sekunde chache au chini yake.

Kuna kisa kingine: saa iko sawa leo, kesho asubuhi mwaka umerudi nyuma. Hiyo ni betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu wa kompyuta, kwa kawaida CR2032, imekufa. Ibadilishe. Kurekebisha saa kila asubuhi si dawa.

Na kama kompyuta zote zinakataa kwa pamoja, usiziguse. Tazama saa ya seva.

## Hatua ya 6: Poti na ukuta wa moto

Fungua PowerShell (dirisha lingine la amri la Windows), jaribu poti hizi moja baada ya nyingine kwa kubadilisha namba ya mwisho:

`Test-NetConnection seva01.ofisi.local -Port 389`

Zijaribu 53, 88, 135, 389 na 445. Ukifaulu mstari wa TcpTestSucceeded utasema True kwa zote.

Moja ikisema False, chunguza antivirusi ya kompyuta kwanza. Nyingi zina ukuta wao wa moto, nao unaona mtandao wa ofisi kama wa hadharani. Simamisha ukuta huo kwa muda, jaribu tena, kisha uurudishe.

Zote zikisema False, huku seva imetoka tu kuwaka baada ya umeme kurudi, nenda kwenye seva uandike:

`Get-NetConnectionProfile`

Jibu linapaswa kuwa DomainAuthenticated. Ikisema Public, seva iliwaka kabla ya mtandao kuwa tayari, ikadhani iko mahali pa wageni, ikajifungia. Hili linatokea sana pale seva na swichi zinapowaka kwa pamoja umeme ukirudi. Ukiwa umekaa mbele ya seva yenyewe, si kwa mbali, andika:

`Restart-NetAdapter *`

Ukifanya hivyo kwa mbali utajikata mwenyewe.

Halafu, hapohapo kwenye seva, andika `net share`. SYSVOL na NETLOGON, folda za pamoja za domeni, lazima ziwepo kwenye orodha. Zikikosekana, shida ni ya seva yenyewe, na hakuna kompyuta itakayoingia mpaka itibiwe.

## Hatua ya 7: Ingiza kompyuta

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha unaweza kuingia kwa akaunti ya msimamizi ya kompyuta. Toka, ingia nayo, uone kwa macho yako. Usipofanya hivi, na domeni ikakataa baada ya kuwasha upya, utabaki nje ya mlango.

Angalia pia kibodi. Ofisi zetu zimechanganya AZERTY na QWERTY, na neno la siri halionekani linapoandikwa. Fungua Bloc-notes, piga vitufe vya a, q, z, w, m na tarakimu, uone kama kinachotoka ndicho kilichochorwa kwenye kitufe. Usiandike neno lenyewe la siri humo.

Sasa, kwenye PowerShell ya msimamizi:

`Add-Computer -DomainName ofisi.local -Credential OFISI\msimamizi -Restart`

Ukipenda madirisha, andika `sysdm.cpl`, bonyeza Modifier, chagua Domaine. Andika jina kamili, ofisi.local, usiandike OFISI peke yake. Mimi ninapendelea PowerShell kwa kuwa ujumbe wa kosa unaweza kunakiliwa mzima.

Ukifaulu kwa madirisha utakaribishwa kwenye domeni. Kwa PowerShell, kompyuta itajizima na kuwaka upya.

## Hatua ya 8: Ikikataa bado, soma kumbukumbu

Windows inaandika kila jaribio kwenye faili hii:

`notepad C:\Windows\debug\NetSetup.log`

Anza chini kabisa, panda juu. Unatafuta mstari wenye NetpDoDomainJoin na neno status. Namba iliyo mwishoni ndiyo sababu.

0x54b: domeni haikupatikana. Rudi hatua ya 4.

0x35: njia ya mtandao haipo. Rudi hatua ya 6, tazama 445.

0x52e: jina au neno la siri si sahihi. Kibodi tena.

0x4c3: kompyuta tayari imeunganishwa na seva kwa jina lingine, labda kwa folda iliyoshirikishwa. Andika `net use * /delete`, kisha ujaribu tena.

0x5: akaunti yako haina ruhusa.

0x216d: umemaliza kiwango chako. Mtumiaji wa kawaida wa domeni anaruhusiwa kuingiza kompyuta 10 tu, isipokuwa msimamizi abadilishe. Tumia akaunti iliyopewa ruhusa rasmi.

0xaac: hii inasumbua wengi, nayo inahitaji maelezo. Tangu masasisho ya Oktoba 2022, Windows inakataa kutumia tena akaunti ya kompyuta iliyopo ndani ya seva ikiwa aliyeiunda ni mtu mwingine asiye msimamizi wa domeni. Kwa hiyo ukiifuta HESABU-03, ukaweka Windows upya, ukajaribu kuirudisha kwa jina lilelile ukitumia akaunti tofauti na ile iliyoiingiza mara ya kwanza, inaweza kukataa. Hapo ndipo kule kufuta kunapoongeza shida ya pili juu ya ile ya kwanza.

Una njia tatu: tumia akaunti ileile iliyoiunda, ipe kompyuta jina jipya, au futa akaunti ya zamani ndani ya Active Directory. Ukichagua kufuta, hakikisha kwanza hakuna kompyuta nyingine hai yenye jina hilo. Ukiifuta akaunti ya mashini inayofanya kazi, mwenye nayo atafungiwa nje.

Ukikuta namba usiyoijua, ibadilishe kuwa ya kawaida (desimali) kwa kikokotoo cha Windows, kisha uulize. Mfano 0x54b ni 1355:

`net helpmsg 1355`

Windows itakueleza kwa lugha yake yenyewe.

## Hatua ya 9: Baada ya kuingia

Kwenye skrini ya kuingilia chagua Autre utilisateur, andika OFISI\ na jina la mtumiaji. Kisha, kwenye PowerShell ya msimamizi:

`Test-ComputerSecureChannel`

Jibu likiwa True, kompyuta na seva zinaaminiana. Siku ikisema False, mfano baada ya kurejesha kompyuta kwenye hali ya zamani, huhitaji kuitoa na kuiingiza upya. Andika:

`Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential OFISI\msimamizi`

Mwenye kompyuta akiingia mara ya kwanza, dawati litakuwa tupu na atasema faili zake zimepotea. Hazijapotea. Ziko kwenye C:\Users ndani ya folda ya jina lake la zamani, kwa kuwa akaunti ya domeni ni mtu mpya machoni pa Windows. Mwambie mapema, kisha umnakilie faili hizo huku naye akiona. Akaunti ya zamani isifutwe mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba kila kitu kipo.

Kama ni laptopu, mwenye nayo aingie angalau mara moja kwa akaunti ya domeni akiwa ofisini na kebo imechomekwa. Windows inahifadhi uthibitisho wa kuingia huko, na ndio utakaomruhusu kuifungua akiwa nyumbani bila seva. Akiondoka nayo kabla ya kuingia, jioni atakupigia simu, na hutaweza kumsaidia mpaka airudishe ofisini.